Bajeti ya Afya na Mwananchi wa Enguserosambu: Nani Amfuate Nani?

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni na kusoma makadirio ya Serikali, na nchi nzima humsikiliza. Kabla ya hapo, wizara moja moja huwa zimekwisha kuwasilisha mafungu yao, na Wizara ya Afya miongoni mwao. Kisha mabishano huanza. Mwaka 2025 yalikuwa makali kuliko kawaida, kwa sababu makadirio yenyewe yalizidi shilingi trilioni 56, na kwa sababu misaada ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilibeba sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya UKIMWI, ilikuwa imesimamishwa kwa kalamu moja mwezi Januari mwaka huohuo.

Tumeyafuatilia mabishano hayo, ya mwaka ule na ya miaka iliyotangulia, na tumeona kwamba kimsingi yana kambi mbili. Kambi ya kwanza tutaiita kambi ya asilimia. Hao hukumbusha kwamba Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga kwa afya sehemu isiyopungua asilimia 15 ya bajeti zao, na kwamba Tanzania haijafika huko. Kambi ya pili ni kambi ya majengo. Hao hujibu kwa kuhesabu: zahanati kadhaa, vituo vya afya kadhaa, hospitali za wilaya kadhaa, magari ya wagonjwa kadhaa. Wa kwanza huketi wakiamini wamekosoa, wa pili huketi wakiamini wamejibu, na fungu hupita.

Hoja yetu katika makala hii ni kwamba kambi zote mbili zina kosa moja. Zote huitazama bajeti kutoka Dodoma kuelekea kijijini. Asilimia ni hesabu ya hazina, na jengo ni hesabu ya mkandarasi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotuambia kama mama aliyeanza uchungu usiku katika boma la mbali atamkuta mkunga, na kama mkunga huyo atakuwa na dawa ya kuzuia damu. Ili tuligeuze jambo hili liwe wima, tunapendekeza tuitazame bajeti kutoka mahali pamoja halisi, nako ni kata ya Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro.

Kwa nini Enguserosambu? Kwa sababu ni mahali ambapo fikra za bajeti zetu hupimwa na kushindwa mtihani. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimasai. Wanaishi karibu na mpaka wa Kenya, kandokando ya msitu wa mitarakwa na mizeituni mwitu ambao wameutunza kwa taratibu zao wenyewe tangu enzi za mababu, na ambao ni chanzo chao cha maji, malisho ya kiangazi na dawa. Hospitali wanayoitegemea kwa mambo mazito ni ile ya Wasso, iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1960 na baadaye kuteuliwa na Serikali kufanya kazi ya hospitali ya wilaya. Ikiwa Wasso imeshindwa, mgonjwa huelekea Arusha mjini, safari ya zaidi ya kilomita 300. Wilaya nzima ina kilomita za mraba 14,036. Sensa ya 2012 iliwahesabu humo watu 174,278, yaani watu 12 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba.

Tuanze na historia, maana wengi wanaobishana leo hudhani wameanzisha jambo jipya.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikwisha kuonya kwamba hospitali kubwa za mjini hujengwa kwa mikopo ambayo hatimaye hulipwa na jasho la mkulima asiyezitumia. Mei 1969, Mwalimu Nyerere aliuambia Mkutano Mkuu wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua, na kauli hiyo ikawa wito wa Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1971 Chama kikaamua kwamba fedha za afya zielekezwe kwanza vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya, badala ya hospitali kubwa. Uamuzi huo ulitangulia kwa miaka 7 mkutano wa dunia wa Alma-Ata wa 1978 uliosema jambo hilohilo. Na mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hadi leo hatujui kampeni nyingine ya afya katika nchi hii iliyowashirikisha watu wengi kiasi hicho kwa fedha kidogo kiasi hicho.

Lakini lazima tujikosoe. Mtu ni Afya ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba ya kudumu, choo cha kudumu, na redio. Mfugaji anayehama na mifugo wakati wa kiangazi hakuwamo katika picha ya mtungaji. Na mara baada ya kampeni ile zikafuata operesheni za vijiji, ambazo kwa Wamasai zilikuja kwa jina la Operesheni Imparnati. Hoja iliyotolewa wakati huo ilikuwa ya kibajeti kabisa: Serikali haiwezi kupeleka shule, maji na zahanati kwa watu waliotawanyika, kwa hiyo watu wakusanyike, huduma ziwafuate. Ni hoja yenye nguvu, nasi hatuikejeli. Nchi maskini ina daktari mmoja kwa watu wengi mno. Haiwezi kumgawa vipande. Ila ndani ya hoja hiyo mlikuwamo mbegu ya kosa. Kutoka kusema "tukikaa pamoja itakuwa rahisi kuhudumiana", ni hatua fupi sana kufikia kusema "usipohama hutahudumiwa". Kauli ya kwanza ni ya ujamaa. Ya pili ni ya bwana shamba wa kikoloni.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kuweka kizuizi dhidi ya hatua hiyo fupi. Ulipima maendeleo kwanza kwa uwezo wa watu kuamua mambo yao, na ukathubutu kuutanguliza uwezo huo hata mbele ya afya na shibe. Makada wengi walilikariri tamko hilo madarasani. Wachache waliligeuza kuwa swali la bajeti.

Sasa tutazame yaliyotokea wilayani Ngorongoro katika miaka ya karibuni, maana ndipo mbegu ile ilipochipua.

Septemba 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa dharura wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 567.25, sawa na shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19. Fedha hizo zilitumika kujenga madarasa, kununua vifaa vya hospitali na kutekeleza miradi ya maji nchi nzima. Ngorongoro nayo ilipangiwa fungu lake. Kisha, kwa barua ya tarehe 31 Machi 2022, halmashauri ikaelekezwa kuhamishia Handeni shilingi milioni 195.5 za fungu hilo. Handeni ndiko kulikokuwa kukijengwa Msomera, kijiji cha kuwapokea waliotakiwa kuondoka katika Hifadhi ya Ngorongoro. Mwezi uliofuata, Aprili 2022, huduma ya kliniki za ndege iliyokuwa ikiwafikia wafugaji wa maeneo ya mbali tangu 1983 ilisimamishwa. Mtoto aliyekuwa akichanjwa chini ya mti siku ndege ilipotua, hakuchanjwa.

Hoja ya Serikali tunaijua: watu na mifugo vimeongezeka katika hifadhi, uhifadhi ni mali ya taifa zima, na Msomera kuna nyumba, shule, maji na zahanati. Hoja hiyo ijadiliwe kwa uzito wake, na mjadala wake ni mrefu kuliko makala hii. Sisi tunachokataa ni kitu kimoja: bajeti ya afya na elimu kutumiwa kama fimbo ya kuchungia. Mkopo wa UVIKO-19 ulikopwa kwa jina la Watanzania wote, na utalipwa na Watanzania wote, yule anayehama na yule asiyehama. Fungu lililopangiwa mtoto haligeuki kuwa nauli ya baba yake.

Na wale wa Enguserosambu wasidhani kwamba hayo ni ya tarafa nyingine. Ni kweli kata yao imo Loliondo, haimo ndani ya Hifadhi. Lakini tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali Na. 673 lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya wilaya ileile. Wananchi waliandamana, Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo tarehe 22 Agosti, na Serikali ikarudi nyuma. Wachambuzi wengi waliliona jambo hilo kama suala la kura tu. Sisi tunaliona pia kama suala la dawa. Kijiji kikifutwa hakina mwenyekiti, hakina mkutano mkuu, hakina kamati ya zahanati. Hakuna wa kuandika ombi la bajeti na hakuna anuani ya kupelekea fedha. Ndiyo kusema kwamba mtu anaweza kufutwa katika bajeti ya afya pasipo hata mbunge mmoja kupunguza senti katika fungu la afya.

Tukiacha mambo hayo makubwa, tuje kwenye mambo madogo ya ugawaji, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yanayoua kimyakimya.

Kanuni ya kugawa fedha za afya kwa halmashauri, ilipoanza kutumika mwaka 2004, iliweka uzito wa asilimia 70 kwenye idadi ya watu, asilimia 10 kwenye umaskini, asilimia 10 kwenye urefu wa njia za gari la afya, na asilimia 10 kwenye vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Ukiisoma haraka utasema ni kanuni ya haki. Kila mtu ni sawa na mwenzake! Lakini usawa wa kichwa kwa kichwa si usawa wa huduma. Lita moja ya mafuta katika wilaya ya mjini humfikisha mkunga kwa watu maelfu. Ngorongoro humfikisha kwa boma mbili. Chanjo inayotunzwa kwenye jokofu la zahanati ya kando ya barabara kuu haina gharama moja na chanjo inayopaswa kupanda mlima wakati wa masika. Umbali ukipewa asilimia 10 tu, maana yake ni kwamba mtu wa mbali analipia umbali wake mwenyewe, kwa miguu yake au kwa maisha yake. Hapo kambi ya asilimia ingeweza kufanya kazi ya maana kama ingeacha kuhesabu asilimia za Abuja peke yake na kuhesabu pia hizi za kwetu.

Kisha kuna hesabu ya watu yenyewe. Dawa hupelekwa zahanati kwa kukadiria watu wa eneo lake. Mfugaji hana eneo moja. Kiangazi yuko milimani karibu na msitu, masika yuko mbugani. Sensa ya 2022 ilifanyika Agosti 23, katikati ya kiangazi. Mahali alipolala usiku ule ndipo alipohesabiwa, lakini si lazima ndipo atakapougua Machi. Wapanga mipango wetu, ambao wengi wao wana anuani moja tangu waajiriwe, huliona jambo hilo kuwa ni ukaidi wa mfugaji. Hatujasikia wakisema kwamba wabunge ni wakaidi, ijapokuwa nao huhama kila msimu kati ya jimbo na Dodoma na posho huwafuata kila waendako.

Jambo la tatu ni uchangiaji. Huduma za afya, zilizokuwa bure tangu uhuru kwa walio wengi, zilianza kutozwa malipo mwaka 1993, wakati ambapo nchi ilikuwa imebanwa na masharti ya wakopeshaji. Baadaye ikaja Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya 2001, na mfuko huo ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye neno kaya. Kwa mfanyakazi wa Arusha mjini, kaya ni baba, mama na watoto wanne, na hesabu inatimia. Enguserosambu, mzee mmoja ana wake watatu. Kila mke ana nyumba yake, mifugo ya kukamua na watoto wake. Kuna mama mzazi, kuna watoto wa marehemu ndugu. Je, hiyo ni kaya moja au tatu au nne? Karani akiandika moja, watu sita wanapata kadi na kumi wanabaki nje. Akiandika tatu, mzee atatakiwa kutoa shilingi 90,000, na fedha hiyo imo mikononi mwake kwa sababu ndiye auzaye ng'ombe. Mke wa tatu ana maziwa, hana mnada. Hivyo, kadi ya mama mjamzito inategemea uamuzi wa mwanamume kuuza au kutouza. Sera inayosema kwamba mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 wahudumiwe bila malipo ni nzuri, lakini dawa zikikosekana zahanati, msamaha huo unakuwa ni msamaha wa kupewa karatasi ya kwenda kununua dukani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaendelea kuhesabu kwa kaya. Tunaiunga mkono nia yake. Lakini tunasema wazi kwamba neno hilo moja, lisipotafsiriwa upya pamoja na wafugaji wenyewe, litaiharibu sheria nzima katika wilaya kama hii.

Inafaa tuseme neno kuhusu Samunge, maana wasomi wetu hupenda kuutumia mkasa huo kuwacheka wananchi. Mwaka 2011, katika kijiji hicho cha tarafa ya Sale, wilaya hiihii, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Walikuja wakulima, walikuja pia wakubwa wenye magari ya Serikali. Wapo walioacha dawa za UKIMWI na kifua kikuu wakaumia, na hilo lilikuwa janga. Mwasapile amefariki Julai 2021 na kikombe kimebaki hadithi. Lakini mkosoaji anayeishia kwenye neno ushirikina hajachambua kitu. Kikombe kile kilikuwa na bei moja kwa tajiri na maskini, inayojulikana kabla ya safari, hakikuhitaji kadi, na mtoaji alikuwapo kila siku. Hakuna asiyeweza kuona kwamba watu walikuwa wakitaja, kwa miguu yao, mambo wasiyoyapata kwingine. Mmasai wa Enguserosambu anayetia magome ya olkiloriti kwenye supu hajaikataa hospitali. Anatumia kilicho karibu.

Kuhusu misaada, tutasema kwa ufupi. Mwaka 2025 Serikali ilipendekeza tozo mpya, pamoja na zile za vileo, ili kuziba pengo la fedha za UKIMWI na kuchangia bima ya afya. Waliolalamika kwamba bia itapanda bei walisikika sana. Sisi tunaona hatua hiyo ilikuwa sahihi kimsingi, ila ilichelewa kwa miaka 58 ukihesabu tangu Azimio lilipotuonya juu ya kutegemea fedha za wengine. Hatari iliyopo ni kwamba tozo itakusanywa kila mahali, pamoja na kwenye duka la Enguserosambu, na itagawanywa kwa kanuni ileile inayodharau umbali.

Tunarudi Bungeni. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mbunge anayeinua mkono dhidi ya bajeti anajua kwamba huenda anaukata mti alioukalia. Tusijidanganye, hali hiyo inaufanya mjadala wa Juni kuwa sherehe zaidi kuliko uamuzi. Chama chenye wabunge wengi kina nafasi ya kukosoa kabla, katika vikao vyake vya ndani, na chini zaidi katika tawi na kata, wakati mipango ya vijiji inapoandikwa. Huko ndiko kada anapopimwa. Anayeketi kimya wakati kijiji kinaandika mpango, kisha akapiga makofi wakati fungu linapita, hana haki ya kushangaa zahanati ikifunguliwa na ikakosa muuguzi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila kada aliyepewa kazi ya kueleza bajeti ya afya katika wilaya za wafugaji aache nyumbani orodha ya majengo. Aende na karatasi tatu: inayoonyesha fedha zilizopangiwa kata, inayoonyesha zilizofika, na inayoonyesha zilizohamishwa, kwa barua ya nani na ya tarehe ipi. Azisome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, akinamama wakiwapo na wakipewa nafasi ya kusema kabla ya wazee. Karatasi ya tatu ndiyo atakayoipata kwa shida. Aidai katika ofisi ya halmashauri, na akinyimwa, awaambie wanakijiji kwamba amenyimwa.